Kusoma Tamathali za Semi Katika Riwaya: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua, kwa Mfano wa Kusadikika

Kuna sentensi ambayo kila aliyewahi kusahihisha insha za fasihi anaijua kwa ghibu: "Mwandishi ametumia tashibiha ili kuipamba kazi yake." Si uongo. Ila inaingia kwenye kitabu chochote cha mwandishi yeyote, kwa hiyo haisemi lolote kuhusu kitabu ulichonacho mkononi. Kuitambua tamathali, yaani usemi unaotumia lugha ya picha au ya mzunguko badala ya maneno ya kawaida, na kuipa jina ni nusu ya kazi, tena ile nusu nyepesi. Nusu iliyobaki ni kueleza tamathali hiyo inafanya nini pale ilipo, jambo ambalo maneno ya kawaida yasingeliweza.

Mwongozo huu unaifuata kazi hiyo tangu usomaji wa kwanza hadi aya iliyoandikwa. Kitabu nitakachokirejelea zaidi ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Nimekichagua kwa sababu ni kifupi, kimesomwa na vizazi vingi, na kimejengwa juu ya tamathali kuanzia jina lake. Pale tutakapohitaji kuchambua neno kwa neno, nitatumia kifungu nilichojitungia kwa zoezi hili, tukipasue tutakavyo.

Kabla ya kushika penseli

Usomaji wa kwanza usome kama msomaji, si kama mtahiniwa. Soma hadi mwisho bila kupigia mstari chochote. Sababu ni kwamba uzito wa tamathali nyingi haujulikani mpaka kitabu kiishe. Ukurasa wa mwanzo wa Kusadikika unakupa nchi iliyo angani ambayo mipaka yake ni pepo. Msomaji wa mara ya kwanza huona ngano ya kufurahisha, akaendelea. Ni baada ya kuona baraza, mashtaka na wafungwa ndipo unaporudi kwenye zile pepo na kujiuliza: nchi isiyoshika ardhi popote inataka kuniambia nini?

Unachoruhusiwa kufanya katika usomaji huu ni kuweka alama ndogo pembeni mahali uliposimama: ulipocheka, ulipokunja uso, uliporudia sentensi bila kujua kwa nini. Alama hizo zina thamani kuliko orodha yoyote ya tamathali, maana zinaonyesha mahali lugha ilipokushika kabla hujaanza kuitafuta.

Andaa vitu vitatu: daftari, penseli na kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu inatosha kwa mengi. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, ina maneno mengi zaidi. Itazame hata kwa maneno unayodhani unayajua, hasa ukisoma waandishi wa zamani wa pwani. Kisha andika kwenye jalada la ndani la daftari ni toleo lipi unalosoma. Vitabu vya Shaaban Robert vimechapishwa zaidi ya mara moja na kurasa hazilingani, kwa hiyo pamoja na namba ya ukurasa andika na sura.

Mwisho, jua mambo machache kuhusu wakati: mwandishi alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akaajiriwa katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, akafariki mwaka 1962. Hayo yanatosha kwa sasa. Ukianza na wasifu mrefu utaiona riwaya kama kivuli cha maisha ya mtu.

Kuzikamata katika usomaji wa pili

Sasa shika penseli. Usijaribu kukamata kila kitu. Tamathali zinazojitokeza waziwazi utaziona bila msaada. Mimi nitakaa kwenye zile zinazowapoteza watu.

Anza na tashibiha. Wengi huwinda neno "kama" na kila wanapolikuta wanaandika "tashibiha". Lakini "kama" ina kazi nyingi. "Kama utakuja, niambie" ni sharti. "Walikuja watu kama kumi" ni makadirio. "Alisema hayo kama mwalimu wao" yaweza kuwa anataja cheo tu, maana kweli ni mwalimu wao. Tashibiha inahitaji vitu viwili vya jamii tofauti vilinganishwe: kinachosemwa na kinachokopwa. Pasipo kukopa hapana tashibiha. Upande wa pili, zipo tashibiha zisizo na "kama" kabisa. Zina "mithili ya", "mfano wa", "ja", "sawa na", "utadhani", "ungedhani". Tena zipo zilizojificha ndani ya kiambishi ki-: alicheka kifisi, alilia kitoto, aliketi kifalme. Hapo ulinganisho mzima umebanwa katika neno moja, na wasahihishaji huona haraka sana mwanafunzi aliyeugundua.

Sitiari inaondoa daraja la "kama" na kusema kitu ndicho kingine. Shida yake ni zile zilizokufa. Meno ya msumeno, shingo ya chupa, kichwa cha habari, mkono wa tembo: zote zilikuwa sitiari siku moja, leo ni majina tu ya vitu. Usiziorodheshe kama ufundi wa mwandishi. Isipokuwa mwandishi akiifufua. Akiandika kwamba msumeno "ulikenua meno yake ukitazama mti", meno yamerudi kuwa meno, na hapo una cha kusema.

Tashihisi, yaani kukipa kitu tendo au hisia za mtu, ndiyo yenye mtego mkubwa zaidi, nao unatokana na Kiswahili chenyewe. Katika lugha yetu ya kila siku vitu vinatutenda: njaa inaniuma, usingizi umenichukua, baridi imenipiga, homa imemshika. Hakuna mtu anayesema hivyo akidhani anatunga fasihi. Kwa hiyo "njaa ilimuuma" ndani ya riwaya si tashihisi ya kuandikia insha. Lakini "njaa ilimwamsha alfajiri, ikamsindikiza hadi kazini, ikamngoja mlangoni" ni kitu kingine kabisa. Kipimo ninachokitumia: je, kitu kimepewa tendo ambalo lugha ya mitaani haikipi? Kikipewa, simama.

Kuna jambo ambalo vitabu vingi vya kiada hulipita, na mimi naliona kati ya silaha kali za mwandishi wa Kiswahili: kumhamisha mtu ngeli. Mtu mzima anastahili a-/wa-. Mwandishi anapoandika "kizee kile kilikuja", "kijitu hiki kinasema nini?", "libwana lenyewe limelala", amemshusha mtu hadi kwenye kundi la vitu bila kutumia tusi hata moja. Fuatilia viambishi vya upatanisho, hasa mhusika mmoja anapoitwa kwa ngeli moja na msimulizi na kwa ngeli nyingine na jirani yake. Hapo utajua nani anamdharau nani.

Kwa kinaya usitafute neno, tafuta pengo. Linganisha kinachosemwa na kinachotendeka, au anachokijua mhusika na unachokijua wewe. Kejeli ni kinaya chenye mwiba unaomlenga mtu.

Methali zinadai swali moja ambalo wengi hawaliulizi: nani anaisema, na matukio yanaikubali? Methali mdomoni mwa mhusika mnafiki haifanyi kazi ile ile iliyo nayo mdomoni mwa bibi. Tafsida, yaani kutaja jambo zito kwa maneno ya adabu, nayo iulizie kinyume chake. Ukiona mwandishi anasema "aliaga dunia" na "mja mzito" kila mahali, halafu ghafla akataja jambo kwa jina lake tupu, umefika mahali pa kuchimba. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kwa namna ilivyozungumzia mambo ya ngono waziwazi. Katika kitabu cha aina hiyo ukosefu wa tafsida ndio mtindo wenyewe, na mchambuzi anayeorodhesha zilizopo bila kutaja zisizokuwapo amekosa jambo.

Chuku (kutia chumvi), takriri (kurudia neno) na tanakali za sauti (maneno yanayoiga sauti) zinatambulika kwa urahisi, zipitie tu. Kuhusu majina, vitabu vya Kenya na Tanzania havikubaliani kila mahali: utakuta chuku hapa na mubalagha pale, tamathali za semi na tamathali za usemi. Shika istilahi za mtaala wako, uzitumie hivyo hivyo hadi mwisho wa insha.

Jaribio la kufuta

Hii ndiyo hatua iliyobeba mwongozo wote. Chukua sentensi yenye tamathali, iandike upya kwa maneno makavu yenye maana ile ile, kisha uliza: nini kimeanguka? Kilichoanguka ndicho uchambuzi wako.

Tuchukue kifungu hiki, nilichokitunga kama kipande cha riwaya ya pwani:

"Mzee Shomari aliingia uani bila hodi. Njaa ilikuwa ikimuuma. Nyumba ilimtazama kwa madirisha yake mawili, ikamnyamazia. Miaka saba alikuwa baharini, na sasa amerudi na mkoba mmoja, mwepesi kama ahadi. 'Karibu, tajiri,' alisema shemeji yake bila kuinuka kitini. Kuku alipita kati yao, akadonoa kitu, akaenda zake. Kizee kile kilisimama pale pale, mkoba begani."

"Njaa ilikuwa ikimuuma" tunaiacha. Ni lugha ya kawaida. Tukiulizwa tutasema inatupa hali ya mtu, basi.

"Nyumba ilimtazama, ikamnyamazia." Kavu: nyumba ilikuwa kimya. Nini kimeanguka? Kwanza, kunyamaza ni tendo la hiari na kunyamaziwa ni adhabu. Ukimya wa kawaida haumlengi mtu. Pili, anayestahili kumkaribisha mgeni ni mwenye nyumba, na hapa nyumba imechukua nafasi yake ikakataa. Kwa hiyo tashihisi hii imetangulia kutuonyesha mapokezi ya shemeji kabla shemeji hajafungua kinywa. Angalia pia kiambishi -m- na kauli ya kutendea: ikamnyamaz-i-a. Kisarufi, mzee ndiye anayetendewa ukimya. Uchambuzi unaoshuka hadi kwenye kiambishi una nguvu kwa sababu unaweza kuonyeshwa kwa kidole.

"Mkoba mmoja, mwepesi kama ahadi." Kavu: mkoba mwepesi sana. Mwandishi angeweza kusema mwepesi kama unyoya, nasi tungepita bila kusimama. Kwa nini ahadi? Msomaji wa Kiswahili anabeba kichwani "ahadi ni deni", na deni ni mzigo. Tashibiha imeipindua methali bila kuitaja: ahadi za mtu huyu hazikuwa na uzito wa deni. Sasa tunahisi kwamba miaka saba iliyopita kulikuwa na maneno mazito pale uani, juu ya fedha atakazokuja nazo. Maneno matatu yamesimulia sura nzima ambayo mwandishi hakuiandika. Angalia vilevile kwamba kinachokopwa hapa si kitu cha kushikika. Kwa kawaida tashibiha hutoka kwenye kitu kigumu kueleza kwenda kwenye kitu kinachoonekana. Hii imekwenda kinyume, na ndiyo maana inashtua.

"Karibu, tajiri." Kejeli, na ushahidi wake uko katika maneno "bila kuinuka kitini". Ukinukuu kejeli nukuu na tendo linaloithibitisha, la sivyo msomaji wako anaweza kusema mzungumzaji alimaanisha kweli.

Kuku? Kuku ni kuku. Huenda mwandishi alitaka kuonyesha muda ulivyopita watu wawili wakitazamana, na hilo lawezekana kusemwa kama suala la mwendo wa masimulizi. Lakini kumwambia msomaji kwamba kuku anaashiria unyonge wa tabaka la wavuvi ni kumtwisha ndege mzigo. Akitokea tena katika sura ya tano na ya tisa, kila mara ugomvi unapozuka, basi tutazungumza.

"Kizee kile kilisimama." Mwanzoni msimulizi alimwita "Mzee Shomari", tena kwa "aliingia". Mistari michache baadaye ni "kizee kile kilisimama". Hakuna aliyetukana. Kilichotokea ni kwamba macho ya shemeji yameingia ndani ya sauti ya msimulizi. Jaribu kufuta: "Mzee alisimama pale pale." Dharau imetoweka, na pamoja nayo ile dalili kwamba msimulizi amebadili upande. Kati ya tamathali zote za kifungu hiki, hii ndiyo ningeitolea aya ndefu zaidi kwenye insha.

Tamathali ikifutwa na hakuna kinachoanguka, iache. Si kila tashibiha ya mwandishi mkubwa ni nzuri, na kusema hivyo kwa ushahidi si utovu wa adabu.

Majina na vichwa vya vitabu

Jina ni tamathali ya bei rahisi na ya kale, lakini lina namna zake za kufanya kazi. Katika Kusadikika mshtaki ni waziri anayeitwa Majivuno, na mshtakiwa ni Karama. Wajumbe ambao hadithi zao Karama anazisimulia barazani ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Mwanafunzi huandika "majina yanaendana na tabia" akamaliza. Endelea hatua moja mbele. Majina ya aina hii yanaondoa fumbo la nani mwema na nani mbaya tangu ukurasa unaowataja. Mwandishi amekusudia usipoteze muda kumchunguza Majivuno moyoni. Anataka usikilize hoja zinazopingana. Riwaya ya aina hiyo inapata nguvu katika ufasaha wa mabishano na inapoteza undani wa nafsi. Hilo ni tokeo la tamathali, na lina faida na hasara.

Linganisha na Kijakazi, mhusika katika Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Adam Shafi. Jina lake nalo linataja hali, lakini si tabia: ni cheo alichopewa na wenye nyumba. Ukiliita jina hilo umeshakubali utaratibu wa kasri. Au Rosa Mistika: katika litania ya Bikira Maria ya Wakatoliki, Rosa Mystica ndiyo "Waridi lenye fumbo". Kumpa jina hilo msichana wa Ukerewe ambaye maisha yanamponda hadi anajiua ni kinaya kinachoanzia kwenye jalada. Majina matatu, kazi tatu: moja linaarifu, moja linatiisha, moja linapingana na mwenye nalo.

Vichwa navyo visomwe baada ya kumaliza kitabu. Dunia Mti Mkavu cha Said Ahmed Mohamed ni methali iliyokatwa katikati. Sehemu inayokosekana, "kiumbe usiuelemee", inabaki kwa msomaji aimalizie mwenyewe, na onyo ndilo lililofichwa. Vuta N'kuvute, cha Adam Shafi pia, ni msemo wa mvutano ambao unafunika mapenzi na siasa za Zanzibar ya wakoloni kwa pamoja, bila kutuambia ni upande upi unaovuta zaidi.

Tamathali inayobeba kitabu kizima

Ipo tamathali ambayo huwezi kuipigia mstari kwa sababu imeenea katika kila ukurasa. Hiyo ni istiara: hadithi nzima inasema jambo moja huku ikimaanisha jingine. Ni hapa ambapo wasomaji wengi huteleza, ama kwa kuona kidogo mno ama kwa kuona kupita kiasi.

Fanya hivi. Kwanza eleza hadithi ya juu kwa sentensi chache, bila tafsiri yoyote. Katika Kusadikika: Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Anajitetea mbele ya mfalme na baraza kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote za dunia, na hata mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi, wakaishia kifungoni. Mwishoni utetezi wake unakubaliwa na wafungwa wanaachiwa.

Pili, tafuta mahali hadithi ya juu inapokwaruza, yaani isipoingia akilini vizuri kama kisa cha kawaida. Kwa nini nchi iwe angani? Kwa nini kila mjumbe apatwe na jambo lile lile? Rudio hilo lingekuwa kasoro katika riwaya ya kihalisia. Katika istiara linasema kwamba dhuluma hapa si bahati mbaya ya mtu mmoja, ni desturi ya utawala.

Tatu, pendekeza hadithi ya chini, kisha uipime kwa tarehe. Kitabu kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na usomaji ulioenea ni kwamba Kusadikika ni sura ya utawala wa kikoloni, iliyochapishwa katika vazi ambalo halikuwa rahisi kushtakiwa. Naukubali kwa sehemu kubwa. Lakini ukikutana na insha inayosema Karama ni Nyerere akiongoza chama cha TANU, ikatae: TANU iliundwa Julai 1954, na mwaka 1951 Nyerere alikuwa mwanafunzi Edinburgh. Istiara haiwezi kuficha tukio ambalo halijatokea. Msomaji wa baadaye ana haki ya kuona mfanano na ya baadaye, mradi aseme ni mfanano anaouona yeye.

Nne, uliza istiara inavuja wapi. Kama Kusadikika ni koloni tu, mbona mfalme na raia ni watu wa nchi moja? Hapo kitabu kinatoka nje ya tafsiri ya kikoloni na kumgusa mtawala yeyote asiyesikiliza. Na mbona mwisho wake ni mfalme kushawishika badala ya kuondolewa? Hilo nalo limo ndani ya tamathali: kitabu kinaamini katika hoja na sheria, kiti cha enzi kinabaki. Unaweza kulisifu au kulilaumu, ila usilipite.

Kutafuta ukoo

Ukishakusanya, usiandike bado. Chora safu nne daftarini: ukurasa na sura, nukuu, aina ya tamathali, kilichoanguka ulipoifuta. Safu ya nne ikiwa tupu, futa mstari mzima. Kisha soma safu ya pili kutoka juu hadi chini ukitazama kinachokopwa tu: ni bahari? moto? wanyama? soko? mwili na maradhi? Mara nyingi mwandishi ana hazina mbili au tatu anazokopa humo tena na tena, na hazina hizo hubadilika mahali kisa kinapogeuka. Tamathali zinazokopwa kwenye hazina moja ndizo ninazoziita ukoo. Mhusika aliyelinganishwa na ndege katika sura tano za mwanzo, kisha ghafla akalinganishwa na jiwe, amebadilika hata kama msimulizi hajasema.

Tazama pia nani anakopa kutoka wapi. Mvuvi anayelinganisha kila kitu na bahari ni kawaida. Mvuvi anayeanza kulinganisha mambo na fedha ni habari.

Kutoka kwenye ukoo chagua mifano mitatu au minne tu. Pendelea inayorudi ikiwa imebadilika, inayotokea kwenye sehemu kisa kinapopinda, na ile uliyoiwekea alama pembeni siku ya kwanza kabla hujajua unatafuta nini.

Kuandika aya

Aya ya uchambuzi ina viungo vinne, na mpangilio wake si sheria: dai, ushahidi, ufafanuzi wa namna tamathali inavyofanya kazi, na uhusiano wake na jambo kubwa la kitabu. Kinachokosekana mara nyingi ni cha tatu. Hii ndiyo aya ya kawaida:

"Shaaban Robert ametumia kinaya. Karama anashtakiwa ingawa ni mtu mwema. Hii inaonyesha kuwa utawala wa Kusadikika ni mbaya. Pia kinaya kinamfanya msomaji asichoke."

Kila sentensi inaweza kutetewa na bado hatujajifunza lolote. Kinaya chenyewe kimetajwa kwa juu juu, maana mtu mwema kushtakiwa ni dhuluma, si lazima kiwe kinaya. Tuiandike upya:

"Kinaya kikuu cha Kusadikika kiko katika umbo la kesi yenyewe. Karama ameshtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria, lakini njia pekee aliyoachiwa ya kujitetea ni kutoa hoja na mifano mbele ya baraza, siku baada ya siku. Kwa maneno mengine, baraza lililokusudia kuyakomesha mafunzo hayo limegeuzwa darasa lake, na wanafunzi ni mfalme na madiwani. Majivuno hawezi kumnyamazisha bila kuthibitisha shtaka la mshtakiwa kwamba nchi haina sheria. Ndiyo maana ushindi wa Karama mwishoni haumshtui msomaji: ulishapatikana tangu alipokubaliwa kuzungumza."

Aya hii ina jambo la kupingwa. Mtu anaweza kuinuka akasema kwamba mfalme alikuwa na uwezo wa kumkatiza saa yoyote, na kwamba ushindi umetokana na huruma ya mfalme wala si nguvu ya hoja. Vizuri, sasa kuna mjadala. Aya ya kwanza haiwezi kupingwa wala kukubaliwa.

Baada ya kuandika, pitia insha ukiyawinda maneno haya: kupamba, kuvutia, kuleta ladha, kumfanya msomaji asichoke. Kila unapolikuta mojawapo, rudi kwenye safu ya nne ya daftari uweke kilichoandikwa humo. Hakikisha nukuu ni fupi. Maneno matano yaliyochambuliwa yanazidi aya nzima iliyobandikwa. Kagua kila nukuu dhidi ya kitabu, herufi kwa herufi, kwa sababu ukikosea kiambishi kimoja katika kifungu kama cha Mzee Shomari, hoja yako yote juu ya ngeli inakuwa haina miguu. Na kama muda wa mtihani ni mfupi, toa tamathali tatu zilizochimbwa badala ya nane zilizotajwa, isipokuwa swali lenyewe limeagiza idadi.